Miche ya pome inayokwenda juu tu: urea, homoni au kucha?

Swali

Jambo sana Injenia. Niko Kabare, juu kidogo ya Bukavu. Nina pepinyeri (kitalu) ya miche 400 ya pome (tofaa), aina za Anna na Dorsett Golden, niliyobebesha kwenye shina mama la MM 106 mwezi wa nane. Inakua vizuri lakini inakwenda juu tu kama fimbo, haitoi matawi. Mingi iko kati ya sentimita 50 na 60, na kama 60 hivi imeshapita mita moja. Kila wiki mbili naipa urea, kijiko kimoja cha supu kwa kila mche. Kijana wa duka la dawa za kilimo ameniuzia vidonge vya jiberelini, akasema ni homoni ya matawi. Nina pia unga wa homoni ya mizizi uliobaki. Nitumie kipi? Urea niongeze au nipunguze? Nikumbushe tu kwamba wateja wangu wanapenda mche mrefu.

Jibu

Jambo sana mama, na pole na kazi. Naanza na vile vidonge kwa sababu vinaweza kukuharibia kitalu wiki hii hii: usiviyeyushe. Jiberelini ikitumiwa peke yake kazi yake ni kurefusha. Hunyoosha kipande cha shina kilicho kati ya jicho na jicho, yaani vituo ambako matawi huchipukia, mche ukapanda mbio, ukawa mwembamba, na macho ya ubavuni yakabaki yamelala vilevile. Kijana wa dukani hakukudanganya moja kwa moja, maana iko dawa ya matawi ambayo ndani yake mna jiberelini ya aina fulani, ila humo imechanganywa na kitu kingine, na hicho kingine ndicho kinachofanya kazi. Nitakifikia. Ule unga wa mizizi nao urudishe kabatini. Ni auksini, na auksini ndiyo hasa inayoyanyamazisha macho.

Urea ipunguze, tena sana. Hesabu yake iko chini.

Kwa nini mche unakwenda juu tu? Ncha yake inatengeneza auksini, ambayo inashuka ndani ya shina, na kila jicho inalolipita linatulia. Kutoka chini nako, mizizi inatengeneza sitokinini, ambayo inapanda pamoja na maji na kuyaamsha macho. Umbo la mche linatokana na nani kamshinda mwenzake. Mwaka 1958 Wickson na Thimann walilionyesha hilo kwa njegere: jicho lililokuwa limezuiwa na auksini liliamka lilipopewa kinetini, ambayo ni mojawapo ya sitokinini. Dawa za matawi zinazotumika vitaluni leo zinafuata njia hiyohiyo, ama kwa kuongeza sitokinini, ama kwa kuibana auksini. Na pome ni mti wenye ncha jeuri mwaka wake wa kwanza. Hata Uholanzi, ambako kuzalisha miche ya pome ni biashara kubwa, mche ukiachwa bila kuguswa mara nyingi huishia kuwa na matawi mawili matatu, au hauna hata moja.

Sasa shika jambo moja, mama, maana mengine yote yanaliegemea. Tawi la mwaka huuhuu huzaliwa karibu na ncha. Kila jani changa linapofunguka, kwapani mwake mna kijicho kibichi ambacho bado hakijaamua kitakuwa nini. Kwa muda mfupi kinaweza kuendelea moja kwa moja kikawa tawi. Jani likishakomaa na kuwa kijani kilichoiva, kile kijicho kimeshajifunika magamba na kulala, na kukiamsha kutoka hapo ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo matawi unayoyataka kwenye sentimita 70 uyatafute wakati ncha iko kwenye 70. Ncha ikifika 120, hata umwagie dawa ya bei gani, pale kwenye 70 umeshachelewa. Watu wengi wananunua homoni nzuri, wanaipulizia mche mzima kuanzia chini hadi juu mwezi mmoja baada ya wakati wake, kisha wanasema homoni ni uongo.

Umeniandikia wakati mzuri, basi. Ile miche 340 ya sentimita 50 hadi 60 bado iko mkononi mwako. Ile 60 mirefu tutaizungumzia peke yake.

Iko sababu nyingine inayofanya jambo hili liwe zito zaidi kwetu kuliko Ulaya. Kule kosa la kitaluni linasahihishwa na baridi. Majira ya baridi yanapita, macho yanapata saa zao za ubaridi, mche unakatwa, na majira ya kuchipua yakija macho ya chini yanaamka pamoja. Kabare, hata usiku wa mwezi wa saba unaomfanya mtu atafute blanketi ya pili, hatupati saa za kutosha chini ya nyuzi 7, ambazo ndizo pome inazihesabu. Anna na Dorsett Golden tunazipanda kwa sababu zinadai kidogo. Anna inaridhika na saa 200 hadi 300 hivi, wakati aina nyingi za Ulaya zinataka karibu 1,000. Lakini hata hizi zikikosa baridi, jicho la nchani linaamka peke yake na sehemu ya chini inabaki uchi. Bila shaka umewahi kuona pome ya miaka mitano kwenye kiwanja cha mtu: tawi refu jeupe, na shada la majani mwishoni. Kule Batu, kisiwani Java, Indonesia, ambako pia hakuna majira ya baridi, wakulima wanaizunguka shida hiyo kwa kung'oa majani yote kwa mkono baada ya mavuno na kuyapinda matawi, na miti inachanua upya. Hiyo ni dawa ya mti unaozaa. Mche wako wa kitaluni ukiikosa nafasi yake ya kutoa matawi, mteja atahangaika nao miaka.

Anza na kucha zako

Kabla ya homoni ya chupa iko njia ambayo haiuzwi dukani. Kwa miche 340 ningeanza nayo hata kama ningekuwa na chupa mezani.

Simama mbele ya mche uliofika sentimita 60 au 65 kutoka ardhini. Tazama nchani. Katikati kabisa mna kifungu cha majani yaliyojikunja, madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, yana vinyweleo vyeupe. Humo ndimo mlimo moyo wa mche, usiuguse. Chini yake tu kuna majani manne au matano yaliyofunguka nusu, bado laini, kijani chake kinaelekea njano, pengine na wekundu kidogo pembeni. Majani hayo ndiyo yanayotengeneza auksini kwa wingi. Shika moja kati ya kidole gumba na cha shahada, ulikate bamba lake kwa ukucha, kikonyo kibaki kimesimama shinani. Usilivute kuelekea chini, kwa sababu utachuna ganda pamoja na kile kijicho cha kwapani unachokitafuta. Maliza hayo manne au matano, nenda mche unaofuata. Baada ya siku 5 hadi 7 ncha itakuwa imesukuma majani mengine, nawe unarudia. Mara nne au tano kwa kila mche, ncha inapopanda kutoka 60 hadi karibu sentimita 100, na umemaliza.

Baada ya mara ya kwanza ncha itasita kidogo, usiogope. Wiki ya pili tazama makwapani, kwenye vikonyo ulivyoviacha: utaona vitu vya kijani vya ukubwa wa punje ya mtama. Vikishafika urefu wa sentimita mbili, hivyo ni matawi, havirudi nyuma. Si kila kwapa litaitikia, na hulihitaji kila kwapa.

Kazi hii mpe mtu mwenye macho mazuri na asiye na haraka. Mjukuu anayekimbilia mpira atakukatia mioyo. Na mche uliokatwa moyo si hasara ndogo: ncha ikiondoka, macho mawili au matatu ya juu yanakimbia wima kwa pamoja, yanagombania ukubwa, na panda zao, yaani mahali yanapoachana, zinakuwa nyembamba kama herufi V. Panda ya namna hiyo inafungia ganda ndani yake, na siku ya mzigo wa matunda inapasuka. Kwa sababu hiyo sishauri ile njia ya mkato ya kukata ncha, ingawa majirani wengi wanaitumia na matawi wanayapata kweli.

Homoni yenyewe

Dawa unayoitafuta inaitwa benziladenini, kwa kifupi 6-BA, nayo ni sitokinini ya kutengenezwa. Inauzwa ama peke yake ama pamoja na jiberelini namba 4 na 7, zinazoandikwa GA4+7. MaxCel ni ya kundi la kwanza, ina benziladenini kama asilimia 1.9. Promalin ni ya kundi la pili, ina vyote viwili kwa kiasi sawa, asilimia 1.8 kwa kila kimoja. Hapo ndipo maneno ya kijana wa dukani yalipotokea: ndani ya mchanganyiko, benziladenini inaliamsha jicho na jiberelini inalisaidia tawi lirefuke badala ya kudumaa kama kishada cha majani. Lakini vidonge vingi vya madukani ni GA3, namba nyingine, tena peke yake. Soma lebo. Usipoona maneno benzyladenine au 6-BA, hiyo si dawa yako. Iko pia siklanilidi, inayozuia auksini kusafiri. Imetumika vitaluni Marekani, ila sioni sababu ya wewe kuitafuta.

Kipimo cha benziladenini kwa miche ya pome ni miligramu 250 hadi 500 kwa lita ya maji kila unapopulizia, mara tatu hadi tano, kila baada ya siku 7 hadi 10. Tuseme chupa yako ina gramu 20 za dawa kwa lita: mililita 15 ndani ya lita moja ya maji zinakupa miligramu 300, na mililita 25 zinakupa 500. Anza na 15. Jaribu kwenye miche 20, ngoja wiki, angalia kama majani ya juu yamegeuka njano au ncha imesimama kabisa. Kama yametulia, panda hadi 20 au 25. Ukizidisha unaweza kupata mche uliosimama, wenye majani yaliyobanana juu, na kuusubiri uanze kukimbia tena kunakula wiki ambazo huna.

Piga nchani tu, sentimita 10 hadi 15 za juu, kwa kichupa cha kupulizia cha mkono. Pompa ya mgongoni hapa ni kumwaga pesa. Mche mmoja unahitaji mililita 5 hivi, kiasi cha kulowanisha ncha bila kuanza kudondoka. Miche 340 ni chini ya lita mbili za maji kila mara. Ukirudia mara nne kwa kipimo cha juu kabisa, utakuwa umetumia kama mililita 200 za dawa kwa kitalu kizima. Ukiambiwa ununue lita tano, cheka, uende zako. Tafuteni wenye vitalu wenzako, mgawane lita moja.

Maji yana maneno yake. Usichote ziwani. Maji ya Kivu yana ukali wa kichumvi, pH yake iko karibu na 9, na dawa hizi hupenda maji yaliyo karibu na 7. Maji ya mvua uliyokinga kwenye bati ndiyo bora. Tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili dawa ishike, maana ncha ya pome ina vinyweleo na maji matupu yanateleza. Pulizia asubuhi, umande ukiwa umekauka kidogo na jua halijawa kali. Dawa iliyokauka taratibu ndiyo inayoingia. Unajua mwenyewe mvua zetu za mwezi wa kumi na moja zinavyopenda kuja mchana. Ikinyesha ndani ya saa chache, dawa imekwenda mtoni. Siku ya baridi na ukungu mzito, ile ambayo milima ya Kahuzi haionekani mpaka saa sita, iahirishe: chini ya nyuzi 18 mche unaisikia homoni kwa shida.

Kuunganisha ukucha na chupa ndiko kunakotoa matokeo mazuri kuliko kila kimoja peke yake: kata majani machanga kwa ukucha leo, pulizia ncha kesho yake. Kama fedha ni kidogo, fanya ukucha kwa miche yote na chupa kwa mistari michache, halafu linganisha.

Kuhusu ule unga mweupe wa 6-BA unaouzwa kwenye intaneti kwa bei nafuu: hauyeyuki kwenye maji. Unahitaji magadi makali au alkoholi kwanza, na mizani inayopima sehemu ya gramu. Usijaribu jikoni. Ukiupata, nenda nao kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu, ambao ni majirani zako, au fakulte ya agronomia ya chuo kikuu cha UEA mjini, uombe wakupimie na kuuyeyusha. Na maji ya majani ya mlonge, ambayo wengi wananiuliza? Ni kweli mlonge una sitokinini ya asili, na kwenye mboga watu wameona faida. Kwa ncha ya pome sitautegemea, kwa sababu kila ndoo unayokamua ina nguvu tofauti na hujui umempa mche kiasi gani.

Onyo moja la kupita. Mtu akikuletea Dormex akisema inaamsha macho, ni kweli inaamsha, lakini ni ya miti mikubwa iliyolala, si ya miche inayokua. Itaunguza kila kitu. Tena ni sumu mbaya kwa binadamu, hasa kwa aliyekunywa pombe kabla au baada ya kuishika. Mfanyakazi aliyepitia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, jioni hiyo anaweza kuishia hospitalini.

Mbolea

Kijiko cha supu cha urea, kikiwa sawasawa bila kilima, ni gramu 11 hivi. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo hapo mna gramu 5 za naitrojeni. Hiyo ni karibu haki ya mche mmoja wa kitaluni kwa msimu mzima, na wewe unaitoa kila wiki mbili. Kwa mistari ya mita moja na sentimita 30 kati ya mche na mche, kila unapozunguka na kijiko unamwaga zaidi ya kilo 160 za naitrojeni kwa hekta. Sehemu kubwa inashuka na mvua. Inayobaki inaichachusha ardhi yako na kukupa ncha laini ambazo vidukari na ukungu mweupe wa unga vinazipenda mno. Matawi haileti, kwa kuwa naitrojeni inaipa nguvu ncha kwanza.

Lakini usigeuke upande wa pili ukaacha mbolea. Mche wenye njaa hautoi tawi kwa homoni yoyote. Benziladenini inausukuma mche ambao tayari unakimbia. Kipimo changu ni hiki: chukua kijiti, weka alama ya urefu wa miche kumi leo, rudi baada ya wiki. Ikiwa ncha zimepanda sentimita 7 au zaidi, endelea. Kama zimepanda 3 au 4, acha chupa kabatini na utafute tatizo, ambalo mara nyingi liko kwenye maji, mizizi, uchachu wa udongo au magugu.

Kuanzia sasa tumia kijiko cha chai, kilicho sawasawa, ambacho ni kama gramu 4 za urea. Kwa miche yako ambayo imeshashiba, ningekaa wiki nne bila kutoa chochote, halafu kijiko kimoja, kisha kimoja cha mwisho mwezi mmoja baadaye. Uzungushe sentimita 10 kutoka shinani, kwenye udongo wenye unyevu, ufunike. Kwa kitalu cha mwaka ujao: NPK 17-17-17 kijiko cha supu kimoja chipukizi likifika sentimita 15, urea kijiko cha chai likifika 35 hivi, kingine likifika 60, siku chache kabla ya kuanza kukata majani kwa ukucha, na cha tatu mwezi mmoja baadaye. Ikitokea majani yanapauka katikati ya kazi, pulizia urea ya majani, gramu 5 kwa lita ya maji, jioni, siku tofauti na ya homoni. Watu wengine wanachanganya vyote kwenye chupa moja. Mimi napenda kujua ni nani aliyeunguza jani.

Samadi iendelee, hasa ya simbilisi. Wale kobayi tunaofuga jikoni wanatoa mbolea nzuri sana na watu wanaitupa mgombani tu. Udongo mwekundu wa upande wako na wa Walungu una shida mbili zinazokwenda pamoja: uchachu, na kuishikilia fosforasi kiasi kwamba mche hauioni. Pome inataka pH ya 6 hadi 6.5. Peleka udongo ukapimwe, na kama uko chini ya 5.5 tia chokaa ya kilimo kabla ya kuandaa kitalu kijacho. Kwenye mche uliosimama hutafanikiwa sana. Majivu ya jikoni yanasaidia kidogo, usiyachanganye na urea kwenye shimo moja, maana naitrojeni itaondoka hewani. Zinki nayo iangalie: ukiona majani ya nchani ni madogo, membamba na yamebanana kama ua, hiyo ni zinki, na hakuna homoni itakayoiponya.

Ile 60 iliyopita mita moja

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuikata. Subiri shina linenepe kama penseli kwenye sentimita 70 hadi 75, ulikate hapo juu ya jicho zuri. Macho matatu au manne yataamka. Yakifika sentimita 5 hadi 10, yapangue yote kwa kidole, ubakize moja la juu. Hilo litakimbia kwa nguvu ya mizizi yote, na likifika sentimita 15 hadi 20 unaanza ukucha na chupa kama nilivyoeleza. Waholanzi wamejenga biashara nzima juu ya mtindo huu, na mche wake ni mzuri kuliko wa fimbo, ila unakudai miezi zaidi kitaluni.

Ya pili ni kuliamsha jicho lililolala mahali pake. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, kata mstari mfupi milimita chache juu ya jicho unalolitaka, uvuke ganda mpaka uguse mti tu, theluthi moja ya mzunguko wa shina. Auksini inayoshuka inakatizwa hapo na jicho linapata nafasi. Wenye Promalin huichanganya na rangi ya ukuta ya maji, mpaka ifike miligramu 5,000 hadi 7,500 za benziladenini kwa lita, wakapaka kwa brashi ndogo juu ya jicho linaloanza kuvimba. Kwa mche mmoja fanya macho manne au matano, yaliyopishana pande zote. Safisha msumeno kwa maji ya javeli (dawa ya kung'arishia nguo) kila mara, kama tulivyojifunza kwa ugonjwa wa migomba.

Mimi ningeikata yote 60, isipokuwa kama una mteja anayeusubiri mche mwezi huu.

Panda, na mteja wako

Tawi likifika sentimita 8 hivi, libane na pensi ya kuanikia nguo: pensi ishike shina juu ya tawi, mikia yake ilisukume tawi lilale. Siku kumi zinatosha, kisha unaihamishia kwenye tawi jingine, kwa hiyo pensi mia moja zinazunguka kitalu kizima. Matawi yaliyoamshwa na benziladenini huwa yanatoka yakiwa yamepanuka yenyewe, mengi hayatahitaji kitu.

Matawi yaliyo chini ya sentimita 60 kutoka ardhini yaondoe yangali mabichi. Mbuzi watayaondoa vibaya zaidi. Kwa MM 106 matawi manne hadi sita yanatosha. Ukipata kumi usiyashangilie, yapunguze, ubakize yale yaliyopishana. Homoni komesha ncha ikipita mita moja, na urea isitolewe miezi miwili ya mwisho kabla ya kuuza, ili mti ukomae; mche laini ukisafirishwa kwenye gari la soko la Kadutu unafika umekauka ncha. Acha mistari miwili bila homoni wala kukata majani, uiwekee alama. Bila hiyo hutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni mvua nzuri ya mwaka huu.

Wateja wanaopenda mche mrefu wanapima kwa kitu wanachokiona. Mche wako wenye matawi utakuwa mfupi kidogo kuliko fimbo ya jirani, labda kwa sentimita 15 au 20, kwa sababu nguvu imegawanyika. Usiuuze kwa bei moja na fimbo. Matawi ya kitaluni ndiyo yatakayobeba maua ya kwanza, na mti wa namna hiyo kwa kawaida unatangulia wa fimbo kuzaa. Mwambie mteja hivyo, na umuuzie Anna na Dorsett Golden pamoja, kwa sababu Anna peke yake haizai vizuri bila chavua ya mwenzake. Anayetaka mmoja tu, muulize kwanza jirani yake amepanda nini.